Mashine Yenye Adabu

Jumatatu, 7 Juni 1993

Siku ilianza vibaya. Madam Daxa, mwenye chuo, alituita ofisini mimi na Enos kabla hatujavua viatu. (Chumba cha kompyuta hakiingiwi na viatu. Vumbi la Kisumu ni adui wa mashine. Soksi yangu ya kulia ina tundu, kwa hiyo hufundisha nikiwa nimeuficha mguu huo nyuma ya ule mwingine.) Akasema kwa upole, ndivyo alivyo, kwamba kuanzia Julai chuo kitabaki na mwalimu mmoja tu wa programu. Mmoja! Na sisi tuko wawili.

Sababu naijua. Kumfikisha mwanafunzi kwenye edita, ile programu tunayoandikia programu nyingine, ni safari. Tia disketi ya kuamshia mashine. Itoe, tia ya pili. Iambie mashine edita iko wapi. Iambie faili zikae wapi. Iambie igawe vipi kumbukumbu yake. Ukikosea nukta, rudi mwanzo. Darasa hufika kwenye edita chai ikiwa mezani, na baada ya chai stima hupotea, mashine zote zikazimika. Kuna watu wametoka hapa na cheti, na hiyo edita waliiona kwa mbali tu.

Ijumaa ya wiki ijayo wanakuja wakubwa wa ushirika wa wakulima wa mpunga wa Ahero. Wakiridhika, wataleta makarani wao wote wasomee hapa. Madam amesema kila mmoja wetu atapewa zamu yake, na atakayemfikisha mwenyekiti wao kwenye edita kabla ya chai ya saa nne ndiye atakayebaki.

Enos Shitanda akatabasamu. Enos hutabasamu kabla ya kufikiri. Mimi sikutabasamu. Baba alishatangaza kanisani kule Kendu Bay kwamba mwanawe Gordon ni mwalimu wa kompyuta, mchungaji akaniombea kwa jina. Nikirudi nyumbani kushika jembe nitamtazama nani usoni? Kazi hii lazima niipate.

Jumanne, 8 Juni

Nimemaliza! Nimeandika programu ndogo inayofanya safari nzima yenyewe. Mwanafunzi anaandika neno moja tu, ANZA. Programu inatafuta edita, inapanga faili, inagawa kumbukumbu, inasema disketi ipi itiwe na lini. Nimejaribu mara kadhaa na kila mara nimefika kwenye edita kabla sijamaliza kupiga miayo. Akili ni nywele, na mimi nimejaliwa kichwa kizima.

Enos naye ameleta mbinu yake. Karatasi ya manila! Ameandika hatua zote kwa kalamu nyekundu na kuibandika ukutani. Hiyo si sayansi, hiyo ni shule ya chekechea. Nikasogeza feni kidogo, kwa ajili ya joto. Manila ikapeperuka ikamfunika Enos kichwani. Nikasema upepo wa ziwani siku hizi umezidi. Akachukua nyundo akaipigilia misumari. Mtu hana haya.

Jumatano, 9 Juni

Nimeijaribu ANZA na mwanafunzi wa kweli. Nikamchagua Dorca, karani wa huo huo ushirika wa Ahero, mama mtulivu ambaye tayari husoma hapa. Akaandika ANZA vizuri. Skrini ikasafika, yakatokea maandishi makubwa: TIA DISKETI YA PILI.

Dorca akaondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. Nikangoja. Naye akangoja. Mwisho nikamuuliza kuna nini. Akasema anangoja kujua ni nani anayemwamrisha asubuhi hii bila hata salamu. Akasema hata polisi wa barabarani hukusalimia kwanza ndipo akuharibie siku.

Nikamweleza kuwa ni mashine. Akasema anajua ni mashine, lakini aliyeiandika si mashine. Wanafunzi wengine wakaanza kuitikia kwa vichwa. Mmoja akakiri kwamba amekuwa akiiogopa kompyuta tangu siku ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo, inakaa kama mtu mwenye kinyongo. Enos akacheka kichinichini pale kwenye manila yake.

Nyumbani Nyalenda nikamsimulia dada yangu Awuor, ninayekaa kwake. Alikuwa akichambua omena, dagaa wa ziwani. Akasema bila kuinua kichwa kwamba mtu asiyesalimia ana lake jambo. Nimelala na neno hilo. Kosa la kompyuta duniani kote si ugumu. Ni kukosa adabu! Na hakuna aliyeliona ila mimi.

Alhamisi, 10 Juni

Mashine sasa inasema OYAWORE, salamu yetu Wajaluo ya asubuhi, kabla ya yote. Imekuwa furaha tupu. Dorca aliisoma akacheka, akaandika OYAWORE AHINYA, yaani kumekucha vizuri sana, naye aliyekaa karibu naye akaandika BER, njema. Tatizo dogo: mashine haikuelewa. Iliandika JIBU HALIELEWEKI, na Dorca akaniuliza ni mtoto wa nani huyu anayesalimia watu halafu hasikilizi majibu.

Kweli kabisa. Nikakaa nikaingiza majibu yote ya salamu ninayoyajua, ya Kijaluo na ya Kiswahili. Enos akapita akasema taratibu kwamba wanafunzi wake wako kwenye edita tangu zamani. Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akasema hata polepole isiyofika haina. Mwenye kelele hana neno.

Ijumaa, 11 Juni

Leo Dorca amenifunza jambo jingine. Salamu isiyouliza habari za nyumbani ni kama kumpa mtu mkono huku unatazama dirishani. Hilo hata mimi nalijua, mama yangu alinilea. Basi nimeongeza NYUMBANI HAWAJAMBO? Halafu nikaona haya kuwaacha watoto. Halafu ng'ombe. Halafu nikakumbuka kwamba wageni wetu ni wakulima, nikaongeza mpunga, na mvua, na kama maji ya mafuriko yamepungua barabarani. Kwa wenye heshima zao nimeweka mahali pa kuandika cheo, ili mashine iseme Mzee, au Mama, au Bwana, inavyostahili.

Madam Daxa alisimama nyuma yangu kwa muda. Akauliza kwa sauti yake ya upole edita iko wapi. Nikamwambia iko mbele kidogo, baada ya mvua. Akasema anatumaini nakumbuka ni shindano la kufupisha. Nikamwambia mtu aliyetulia moyo hujifunza mara mbili. Aliondoka akigusagusa bangili zake, na mimi nikajua amevutiwa.

Jumatatu, 14 Juni

Matatizo mawili, yote nimeyamaliza.

La kwanza ni stima. Imepotea katikati ya darasa, na iliporudi mashine zote zikaanza upya: OYAWORE, nyumbani hawajambo, watoto, ng'ombe. Wanafunzi wakajibu tena, maana ni watu waliolelewa, lakini niliona wanatazamana. Mmoja aliniambia pembeni kwamba ng'ombe wake wako vile vile walivyokuwa kabla ya stima kupotea. Nikaongeza sentensi: SAMAHANI KAMA TUMESHASALIMIANA. Adabu juu ya adabu.

La pili ni Ogola, kijana wa Kondele, asiye na subira hata ya kungoja chai ipoe. Yeye amegundua kwamba ukibonyeza Enta bila kuandika kitu, mashine inapita. Anabonyeza tu, pa pa pa, amepita nyumbani, amepita watoto, amepita ng'ombe wa watu. Nimeziba njia hiyo. Sasa hakuna kupita bila kujibu, na jibu liwe linaloeleweka. Hata ukizima mashine na kuiwasha, inaanza na salamu yenyewe. Hakuna mlango wa nyuma. Mtu akitaka edita, atakuwa na heshima kwanza!

Jumatano, 16 Juni

Nilikuwa na kazi nyingi, Dorca akaja na maneno. Akasema kwa nini mashine isikubali jibu lolote, mtu aandike anavyojisikia, kisha iendelee. Nikamweleza kwa upole kwamba mashine inayokubali lolote ni mjinga tu anayetikisa kichwa. Mashine yangu inasikiliza.

Kisha akasema kuhusu mwenyekiti wao, Mzee Obiero, kwamba yeye nimpunguzie maswali ya nyumbani. Nikamwelewa mara moja. Makarani hawapendi kuona mkubwa wao anaheshimiwa na wageni. Nikamwambia asijali, aniachie mimi. Akafungua mdomo aseme zaidi, lakini nilikuwa nimeshageukia skrini. Kwa sababu ya Mzee nimeongeza swali jipya, la heshima kabisa, ambalo mtu wa rika lake hawezi kukosa kuulizwa: MAMA WATOTO HAJAMBO?

Enos ameongeza mstari mmoja chini ya manila yake: UKIKWAMA, NIITE. Hiyo ndiyo mbinu yake yote. Namhurumia.

Ijumaa, 18 Juni

Nitaandika yote.

Wageni walifika mapema kutoka Ahero. Mzee Obiero ni mtu mrefu, mkimya, wa kofia ya kitambaa. Alivua viatu mlangoni, akavipanga vizuri, akaingia. Madam alinipa mimi nafasi ya kwanza. Enos akasimama kando ya manila mikono nyuma.

Nikamkalisha Mzee. Aliandika ANZA kwa kidole kimoja. Mashine ikasema OYAWORE, MZEE. Akatabasamu! Wote wakatabasamu. Akajibu. Ikauliza nyumbani, akajibu. Watoto, akajibu. Nilimtazama Enos. Hakuwa akitabasamu. Moyo wangu ukaimba.

Kisha ikatokea MAMA WATOTO HAJAMBO?

Mzee akaitazama skrini. Akavua kofia akaiweka kando ya kibodi. Kidole kilikuwa hewani na hakikushuka. Nikadhani anatafuta herufi, nikainama nikamnong'oneza kwamba jibu ni HAJAMBO, aandike tu HAJAMBO, mashine itapita.

Hapo Dorca akanivuta mkono wa shati. Akaninong'oneza kwamba walimzika mke wa Mzee Aprili, wakati maji yamejaa Ahero, na jeneza lilipita kwa trekta la ushirika kwa sababu gari halikuweza.

Nilitamani sakafu ipasuke. Wakati huo huo Mzee alikuwa ameanza kuandika, taratibu, herufi moja baada ya nyingine. HAYUPO.

Mashine ikaandika: JIBU HALIELEWEKI. MAMA WATOTO HAJAMBO?

Akaandika tena. HAYUPO. Ikauliza tena. Nikajaribu kubonyeza Enta, lakini Enta nilikwisha kuiziba. Nikajaribu kuikatiza, njia hiyo pia nilikwisha kuifunga. Nikazima mashine. Nikaiwasha. OYAWORE, MZEE, ikasema. SAMAHANI KAMA TUMESHASALIMIANA.

Nikamsihi Mzee kwa sauti ya chini aandike tu HAJAMBO, ni mashine, haijui kitu. Akanitazama bila hasira.

“Mwanangu,” akasema, “niandike uongo juu yake, ili nipite?”

Enos akaja. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akamshika Mzee kiwiko, akamhamishia mashine ya pili, akamsomea manila hatua kwa hatua. Mzee alikosea mara mbili tatu, Enos akamrudisha taratibu, na kabla chai haijaletwa walikuwa kwenye edita. Mzee akaandika programu yake ya kwanza, ya kujumlisha magunia ya mpunga. Ikafanya kazi. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Alipokuwa mlangoni akifunga kamba za viatu, nilikwenda kumwomba msamaha. Nilikuwa na hotuba nzima, ikayeyuka. Yeye ndiye aliyesema.

“Tangu mazishi, ofisini wananipita kimya. Wanaogopa kuuliza. Wewe mashine yako imeuliza, na ikauliza tena.”

Akasimama, akavaa kofia, akashuka ngazi. Sijui kama alikuwa ananilaumu. Nimefikiri jioni nzima na sijui bado.

Jumamosi, 19 Juni

Madam Daxa ameniita peke yangu. Kazi ni ya Enos. Alisema kwa upole sana, nami nilisikia kila neno. Nitafundisha mpaka mwisho wa mwezi. Aliniambia pia kwamba programu yangu ya kwanza, ile ya neno moja, ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote alizoziona, na kwamba kama ningeiacha vile vile ilivyokuwa siku ile ya Jumanne, leo tungekuwa tunaongea mengine. Mfanyabiashara huona mambo kibiashara. Simlaumu.

Nimeumia. Siwezi kuficha. Nilipita sokoni nikanunua ndizi ambazo sikuzihitaji ili tu nisifike nyumbani mapema. Awuor aliponiona aliniwekea ugali na samaki, kipande kizuri cha katikati. Nikamwambia sijui nitamwambia nini Baba. Akasema nimwambie ukweli, na niutamke haraka kabla sijaurembesha. Simwelewi Awuor wakati mwingine.

Jumatatu, 21 Juni

Haiwezekani! Dorca amekuja na ujumbe kutoka kwa Mzee Obiero. Ushirika una kompyuta moja kule Ahero, imefunikwa kitambaa tangu inunuliwe kwa sababu hakuna anayejua kuipanga. Mzee anataka mtu wa kuitengeneza, awawekee edita, akae nao. Kazi ya kudumu, na chumba cha kulala nyuma ya ghala. Na amesema anamtaka yule kijana wa salamu. Mimi!

Niende nikaipange, naye atakuja mwenyewe ofisini kwao kuijaribu Alhamisi. Ikimfaa, kazi ni yangu, na Baba hatajua hata kwamba kulikuwa na tatizo.

Dorca alinieleza vizuri anachotaka Mzee. Mashine isalimie, ndiyo, hilo alilipenda. Iulize habari, mara moja. Mtu aandike chochote, au asiandike, na edita ifunguke. Basi. Akanifanya nirudie kwa mdomo, nami nikarudia. Akasema hata mtoto angeiweza kazi hiyo asubuhi moja. Nikamwambia ameniondolea mzigo. Nilimaanisha.

Jumatano, 23 Juni, Ahero

Nimefika, Madam amenipa ruhusa ya siku mbili. Chumba kidogo, kizuri, harufu ya mpunga. Kompyuta nzima kabisa chini ya kitambaa chake. Wafanyakazi wamenipokea vizuri, wamenipa chai na viazi vitamu, na kila mmoja ameniuliza habari za nyumbani. Nimejisikia niko mahali pangu.

Kazi ya Mzee niliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Salamu, habari, jibu lolote, edita. Nikaitazama. Ilikuwa fupi mno! Mtu anakwambia amefiwa na wewe unamfungulia edita? Huo ni utu gani? Ile siku ya Ijumaa kosa halikuwa kuuliza. Kosa lilikuwa majibu machache. Hilo sasa naliona wazi.

Kwa hiyo mchana wote nimeyaingiza. HAYUPO inaeleweka sasa. Na AMETUACHA, na TULIMZIKA. Mashine inatoa pole, inangoja kidogo skrini ikiwa nyeusi, kama tunavyokaa kimya matangani, kisha inauliza alikuwa mgonjwa au ilikuwa ghafla. Inauliza kama wageni walipata chakula. Inauliza kaburi limejengewa au bado. Kila swali lina majibu yake yanayoeleweka, na Enta nimeiziba, maana katika msiba hakuna kurukaruka.

Mzee anakuja kesho asubuhi. Nina amani moyoni. Nimefikiria pia kwamba mzee wa watu asiachwe na huzuni mpaka kwenye edita, kwa hiyo mwishoni kabisa nimeweka swali moja dogo la kumtia moyo: NA KUOA TENA, MZEE, LINI? Majibu yanayokubalika ni mawili, KARIBUNI na MWAKA HUU.